Posho ya Nusu Siku



Katika mkutano uliopita wa halmashauri ya parishi yetu lilizuka jambo ambalo halikuwamo katika ajenda. Tulikuwa tukizungumza habari za bati za baraza, na mweka hazina alikuwa akitusomea matumizi ya mwaka. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, kwa sauti ya chini kama ilivyo desturi yake, "Huyu mlinzi wetu, na yule mama anayefagia kanisa, likizo yao mmeiandika ukurasa gani?"

Hapakuwa na jibu. Mlinzi amekesha langoni petu miaka 9, na sasa ana umri wa miaka 58. Mama huja asubuhi 3 kwa juma. Wote wawili hulipwa kila mwisho wa mwezi bila kukosa, na kwa hiyo tulijihesabu kuwa waajiri wema. Lakini hawajapata kamwe likizo yenye malipo, wala majina yao hayajaandikishwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Katibu wa parishi, aliye kijana na anayefanya kazi siku nzima, anavyo vyote viwili.

Majibu mawili yalitolewa. La kwanza: mlinzi ni mtu mzima, kwingine asingepokelewa, basi na ashukuru kwa hicho anachopata. La pili: yule mama ni kibarua tu, siku zake ni chache. Tunakiri kwamba wengi wetu tuliitikia kwa kichwa. Ni baada ya kufika nyumbani ndipo majibu hayo yalipoanza kutusumbua.

Sisi watu wa Tabora tuna sababu ya kulifikiri jambo hili, maana mji wetu ulikua kwa jasho la watu wasiokuwa na ajira ya kudumu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliajiriwa kwa safari. Alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, akaenda nao miezi miwili au mitatu mpaka pwani, na safari ikiisha, mapatano nayo yamekwisha. Lakini tazameni jinsi alivyolipwa. Ulikuwapo ujira, nao ulitofautiana: kirangozi aliyetangulia msafara alipata zaidi ya wengine. Kisha ilikuwapo posho, chakula cha kila siku, ambacho kwa desturi kilipimwa kibaba kwa mtu. Posho haikufuata uzito wa mzigo, ilifuata mdomo. Mwenye msafara aliyethubutu kuipunguza aliamka asubuhi akakuta mizigo iko chini na watu wamekwenda zao. (Siku hizi posho ni neno la wakubwa wanaokaa mikutanoni. Maneno nayo hupanda vyeo.)

Hatusemi kwamba misafara ile ilikuwa ya haki. Mpagazi aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa hapo hapo. Na wale waliouchukua mwili wa Dakta Livingstone? Alikufa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuleta mwili wake mpaka huku kwetu Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, naye akawashauri wauzike hapa hapa. Walikataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baada ya kazi ile walipewa ujira wao wakaachishwa. Mmoja tu, Jacob Wainwright, ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka London. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka ule ule, mazishi yakiwa yamekwisha, kwa gharama ya rafiki mmoja wa marehemu. Nishani zilitengenezwa kwa ajili ya wapagazi wale, lakini zilipokuwa tayari wengi walikuwa wametawanyika. Mtu wa safari moja akishalipwa ujira, ni rahisi kusema kwamba hatudaiani tena.

Hapo ndipo tunapoona shida ya neno "kibarua tu". Tunadhani yako malipo yanayofuata saa, na yako yanayofuata mwili wa mtu. Mshahara waweza kugawanywa: afanyaye kazi siku 3 asipate sawa na afanyaye siku 6, na hakuna anayelia kwa hilo. Likizo nayo yaweza kupimwa kwa kadiri ya siku zake. Lakini malaria haiji nusu. Nyoka aliye katika majani ya uwanja wa kanisa hamwulizi mama yule kama ameajiriwa kwa siku nzima au kwa asubuhi peke yake. Akiumia kazini, ameumia mzima. Buti za mvua na tochi ya mlinzi haziwezi kukatwa kwa sababu nywele zake zimekuwa nyeupe. Pengine mwenye macho yaliyochoka ndiye ahitajiye tochi iliyo bora.

Ndugu mmoja alitukumbusha mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20, akasema kwamba mwenye mali ana uhuru wa kufanya apendavyo na mali yake. Ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini twaomba msome tena mkaangalie uhuru ule ulitumika upande gani. Yule bwana hakumpunguzia mtu hata mmoja. Wale wa saa moja walirudi nyumbani na fedha ya kutosha siku nzima, kwa kuwa watoto wao nao walikula siku nzima. Mwajiri anayeutumia mfano huo ili atoe kidogo anausoma kinyumenyume, nasi tulikuwa karibu kufanya hivyo.

Na ile habari ya kushukuru? Shukrani ni jambo jema, lakini hudaiwa kwa kitu kilichotolewa bure. Mlinzi hakupewa lango letu kama sadaka. Alilikesha. Usiku 1 wa mtu wa miaka 58 una saa zile zile za usiku wa kijana, na baridi ya Julai ni ile ile, labda kwake ni kali zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeutaja umri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mfanyakazi. Sheria hiyo hiyo imeweka likizo ya siku 28 kwa mwaka. Inatutia haya kwamba Bunge limetutangulia katika jambo ambalo tungalipaswa kuwa tumelihubiri.

Kwa mzee liko jambo jingine, nalo ni muda. Humu mjini, kwenye njia panda ya reli, hatuhitaji kwenda mbali kulijua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wake, na watu wa reli wakiwamo, walibaki wakidai haki zao. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984. Waliokuwa watumishi upande wa Tanzania walikwenda mahakamani, na hati ya makubaliano ikapatikana mwaka 2005. Hesabuni wenyewe: ni miaka 28. Wengi walikwisha kuzikwa. Kijana ukimwambia "subiri mwakani" umemkopa. Mzee ukimwambia hivyo huenda umemnyima kabisa.

Yupo aliyetupinga kwa hoja ambayo hatuwezi kuipuuza. Alisema parishi yetu ni ndogo, bei ya tumbaku ikianguka sadaka nazo huanguka, na tukijitwika haya yote mwisho wake tutamwondoa yule mama kabisa, naye atakosa hata hicho kidogo. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini tulipochukua kalamu tuliona kwamba mchango wa NSSF huhesabiwa kwa kadiri ya mshahara: jumla yake ni asilimia 20, na mwajiri hubeba angalau nusu. Mwenye mshahara mdogo, mchango wake ni mdogo. Tulikuwa tukikwepa mzigo ambao hatujaupima.

Lililo zito ni miaka iliyopita. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi hutakiwa michango ya miezi 180, na mlinzi wetu hawezi kuifikisha kabla ya miaka 60. Atapata malipo ya mkupuo tu, kwa kadiri ya michango itakayokuwamo. Kila mwaka tulioupitisha bila kumwandikisha umekula sehemu yake, na hilo ni deni letu.

Halmashauri imewatuma katibu na mweka hazina waende ofisi ya NSSF kuuliza tunadaiwa kiasi gani kwa wote wawili. Zamu ya ulinzi wakati wa likizo ya mlinzi, vijana wa kwaya wamesema wataichukua. Fedha za bati zimezuiwa mpaka hesabu irudi. Wajumbe 2 walipinga, na majina yao yameandikwa kwa ombi lao wenyewe. Mlinzi alipoelezwa aliuliza kama likizo yake yaweza kuangukia mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zinaponyesha, apate kulima.