Kauri Haina Mlango



Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilikuwa Juba kwa mjomba wangu, anayepakia mizigo bandarini kwenye matishari yanayoteremka Mto Nile kwenda Bor na Malakal. Mama mmoja aliyejitanda alikuwa akisubiri safari, mtoto mchanga mgongoni. Shingoni mwa mtoto kulikuwa na uzi mweusi wenye kauri moja.

Mimi, mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, nikaona kazi imenifika. Nilimtolea salamu, kisha kwa Kiarabu changu cha darasani nikamweleza kwamba ile ni hirizi na hirizi ni shirki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyoosha kidole kwenye begi langu, akauliza kwa Kiarabu cha Juba: na ile yako?

Kwenye zipu ilikuwa ikining'inia kauri niliyonunua Mombasa. Nikajibu upesi kwamba yangu ni pambo. Mjomba akacheka, "Haya, mjomba, umeulizwa." Tishari likaondoka na mtoto na uzi wake. Nami nikabaki na swali.

Katika Musnad ya Imam Ahmad imepokewa kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimwombea aliyevaa hirizi asitimiziwe jambo lake, na aliyevaa kauri asipate utulivu. Kauri kwa Kiarabu ni wada'a, na neno la dua hiyo linatokana na mzizi uleule. Sanad yake imezungumzwa na wanazuoni, lakini ipo nyingine ya Uqba huyohuyo, yenye nguvu zaidi, inayosema wazi kwamba mwenye kutundika hirizi amefanya shirki. Tuangalie basi hicho kinachotundikwa ni kitu gani.

Kauri ni gamba la kome wa baharini. Chaza ana magamba mawili yanayofunga kama kitabu, kome ana moja tu. Wanaochunguza makome wana jina kwa kila sehemu yake: ncha ya juu, mizunguko inayoteremka kutoka hapo, nguzo ya katikati inayozungukwa, mdomo ambao mnyama hutokea, na kifuniko kigumu anachojifungia akiingia ndani. Pale ukingoni mwa Nile utakuta konokono wa maji baridi wenye kifuniko hicho. Kauri ni tofauti. Ikiwa changa mizunguko yake huonekana, lakini ikikomaa mzunguko wa mwisho hufunika yote ya nyuma, mdomo hukunjamana ndani ukabaki ufa mwembamba wenye meno. Na kauri iliyokomaa haina kifuniko. Nyumba ile haina mlango. Pweza humla mwenyewe humo humo. Halafu tunachukua nyumba tupu, tunaitoboa mgongo, tunaifunga shingoni mwa mtoto ili imlinde!

Sisemi gamba ni haramu. Allah (s.w.) katika Suratun-Nahl, aya ya 14, anatukumbusha kuwa ametutiishia bahari tule nyama yake laini na tutoe humo mapambo ya kuvaa. Hata kile kifuniko cha kome kina kazi njema: Wasudani hukiita dufra na kukitia katika manukato yao. Na kauri ilikuwa pesa. Waganda mpaka leo huita fedha ensimbi. Ibn Battuta, aliyekuwa kadhi Maldivi katika miaka ya 1340, anaeleza kuwa huko kauri 400,000 zilipata dinari moja ya dhahabu, naye akaja kuona Mali zikiuzwa 1,150 kwa dinari. Gamba ni lilelile. Thamani walilipa watu.

Kwa hiyo jibu langu la bandarini lilikuwa sahihi kwa fiqhi: pambo ni pambo. Tatizo ni kwamba halikuwa la kweli. Muhula uliopita, asubuhi ya mtihani wa usul al-fiqh, nilikuwa nimeshafika kituo cha daladala nilipokumbuka kwamba nimebeba begi jingine, lisilo na kauri. Nilirudi chumbani. Nilijiambia nimefuata kalamu, na kalamu ilikuwa mfukoni. Yule mama angalau alijua kwa nini ameifunga. Mimi niliita pambo kitu nisichothubutu kuingia nacho mtihani kikiwa mbali.

Nilipomweleza mjomba usiku ule hakunihubiria. Aliuliza tu kama naweza kuiacha.

Niliikata kwenye zipu, nikaiweka juu ya meza pamoja na konokono wawili niliowaokota mtoni. Muhula huu, siku ya mtihani wa kwanza, niliiacha hapo, nikasoma dua ya kutoka nyumbani. Kabla sijafika lango la chuo mkono wangu ulikwenda kwenye zipu mara mbili.