Kitu Kisichojua Kusema Basi

Jiko la mafiga lina tabia moja ambayo nilichelewa kuiona, ingawa nimekua nalo. Linataka kutunzwa ndipo liendelee. Ukiacha kusogeza kuni, moto hupungua wenyewe, makaa hufunikwa na majivu, na maji ya kuoga hupoa. Mama zetu hapa Ngumbo, waliochemsha mihogo na maji ya kuoga kwa kuni walizozibeba kichwani kutoka vilimani, hawakuhitaji chombo cha kuzima moto. Uvivu ulitosha. Kuendelea ndiko kulikodai kazi; kukoma kulikuja bure.

Hita ya umeme ni kinyume chake. Ukishaiwasha haikuhitaji tena. Itachemsha leo usiku, kesho na kesho kutwa, mradi umeme upo, na ili ikome hapana budi pawepo kitu kilichopewa kazi ya kusema "basi." Kitu hicho ni themostati. Ndani yake mna metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Maji yakifika joto lililopangwa, tuseme nyuzi 60, tofauti hiyo ya kutanuka husukuma swichi na umeme hukatika. Maji yakipoa, swichi hurudi. Lakini kila inapofunga na kufungua hutoa cheche, na cheche hizo, mwaka baada ya mwaka, huzila zile ncha mbili za swichi hadi siku moja zinagandana, zisiachane tena. Siku hiyo metali zitahisi joto na kusukuma kama kawaida, ila swichi haitasogea.

Waliobuni vyombo hivi waliijua siku hiyo. Kwa hiyo waliweka mlinzi wa pili, swichi ya usalama, ambayo hukata umeme joto linapopita kiasi, aghalabu kati ya nyuzi 80 na 90. Huyu wa pili hasamehi. Akishakata, umeme haurudi mpaka mtu aje kubonyeza kitufe kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kuja kwake ajiulize kulikoni.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili msomaji ajue kwamba mimi niliyajua. Nilifundisha ufundi wa umeme kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nimekuwa nikitengeneza vyombo vya watu huku ziwani. Songea ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, na lami kutoka Mbinga ilipofika Mbamba Bay, kazi iliongezeka. Nyumba za wageni zilianza kufunga hita, maana mgeni atokaye mjini hutaka maji ya moto hata mahali ambapo jua lenyewe linamtosha.

Mwenye nyumba mmoja aliniita. "Shikamoo Mwalimu. Kile kitufe kinanitesa. Kila baada ya siku mbili hita inazima, wageni wanaoga maji baridi na kunitukana."

Nilipima. Swichi ya usalama ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inakata kwa sababu themostati ilikuwa imeanza kugandana. Yaani yule aliyekuwa akisumbua ndiye pekee aliyekuwa anasema kweli. Nilimweleza. Akauliza themostati mpya inapatikana wapi, nikamwambia labda Songea. Wageni wa harusi walikuwa wanafika jioni ileile.

"Basi unga dairekti, Mwalimu. Kwa muda tu."

Nikachukua kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole, nikaunga pande mbili za ile swichi ya usalama. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Nilishukuriwa sana, nikapewa na mbasa wawili wa kupeleka nyumbani.

"Muda tu" huo ulikuwa miezi saba.

Binti aliyefanya usafi pale alifungua bomba asubuhi moja ajaze ndoo. Huku kwetu, kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, maji katika sufuria huchemka chini kidogo ya nyuzi 100. Lakini yaliyobanwa katika tangi yanaweza kupita hapo yakiwa bado maji, na yakipata upenyo hutoka kwa kishindo pamoja na mvuke. Mkono wake wa kulia uliungua kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Tangi halikupasuka, kwa kuwa vali ya kupunguza msukumo ilikuwa nzima. Pengine kwa sababu haikuwahi kumkera mtu, hakuna aliyeniomba niizibe.

Nilikwenda kumwona kwao. Aliniamkia, nikaitika marahaba huku macho yangu yakiwa chini. Akanisimulia kwamba maji yalikuwa yamezidi moto kwa wiki tatu. Wageni waliambiwa waanze kwa kufungua la baridi. "Mimi hakuniambia mtu, Babu. Mimi si mgeni."

Jirani yetu Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, mwezi Agosti 1914 nahodha wa meli yao Hermann von Wissmann alipigwa mzinga na Waingereza wa meli ya Guendolen, hali hajui kama vita vimeanza. Manahodha wale wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, nami nilikuwa nikikisimulia hivyo darasani. Sasa namfikiria yule ambaye habari haikumfikia.

Kabla sijaondoka binti akaniuliza: "Babu, na nyumba nyingine umefunga hivihivi?"

Sikumjibu. Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 1976 juu ya dereva wa lori aliyepuuza kukagua breki zake, kisha akamgonga mtoto. Kama mtoto asingekatiza barabara, uzembe ungekuwa uleule, ila dereva angefika kwake, akala, akalala. Je, kosa lake ni kubwa zaidi kwa sababu tu mtoto alitokea? Wapo wanaosema ndiyo, kwani twahukumiwa kwa yaliyotokea. Mimi sioni hivyo, ingawa natamani ningeweza. Waya wangu ulikuwa waya uleule siku ya harusi na siku ya kuungua. Ikiwa kosa lilianza mkono ulipoungua, basi miezi saba ile nilikuwa mtu mwema anayelala vizuri, na hilo najua si kweli. Kosa lilikamilika nilipokaza ile skrubu. Kilichoongezeka baadaye ni deni. Deni lina mtu na lina kiasi. Nililipa matibabu, mwenye nyumba akachangia nusu, na kovu hatuwezi kulilipa sote wawili. Lakini kosa halimsubiri mtu aungue ndipo liwe kosa.

Mwenye nyumba husema yeye aliomba tu, fundi ni mimi. Ana haki nusu. Angeweza kuniomba tena na tena, lakini mkono wake haukujua wapi pa kuunga.

Nyumba ni nne. Nilizihesabu usiku ule, na mke wangu akanikumbusha ya nne ambayo nilikuwa nimeiruka, sijui kwa bahati mbaya au vipi. Mbili nimeshazifikia. Katika moja walinipa chai. Katika nyingine nilifokewa kwa kuja bila kuitwa na kuwaharibia maji ya moto. Ya tatu iko Lituhi, na vipuri vyake nimeagiza Songea. Ya nne iliuzwa. Mwenye nyumba mpya hanijui wala hajui kuna waya, na tangu juzi natafuta maneno ya kuanzia nitakapobisha hodi.