Nguvu Iliyoongezwa na Deni Lake

Swali tunaloliweka mbele yenu mwezi huu ni hili: Mtu ana gari la mbio, ambalo lilipotoka kiwandani lilikuwa na nguvu za kumtosha na kusaza. Naye hutumia saa zake za mapumziko na fedha zake kulifungua, kulibadili na kuliongezea nguvu, si kwa haja yo yote, ila kwa kuwa apenda. Je, mtu huyu afanya jambo jema, au ovu, au jambo lisilo na maana?

Mifano yetu mingi tutaitwaa katika nchi ya Ujerumani, maana huko mchezo huu ni wa siku nyingi, na watu wameufikiri sana hata katika sheria zao. Walakini swali si la Wajerumani peke yao. Magari ya namna hii yako Nairobi na Dar es Salaam pia, mengi yao yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na vijana wanaoyapenda si haba.

Wako wanaojibu upesi, wakisema, “Huo ni upotevu wa mali.” Na wako wanaojibu upesi vile vile, wakisema, “Gari ni lake, na alifanye apendavyo.” Sisi twaona ya kuwa majibu haya yote mawili yametangulia mbele ya swali. Kwanza sharti tujue ni jambo gani lililofanywa, ndipo tuweze kuhukumu.

Gari tunalolisema lina turbo. Injini yo yote ya petroli huvuta hewa, huichanganya na petroli, huiwasha, kisha huutoa moshi. Katika moshi ule nguvu nyingi hutupwa nje, yaani joto na mwendo. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza mwaka 1905 kwa shauri la kuitumia nguvu hiyo inayotupwa. Moshi hupitishwa penye gurudumu dogo lenye mapezi, nalo likazunguka. Katika ncha ya pili ya shafti ile ile liko gurudumu jingine, nalo huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo yaweza kuzidi, na nguvu huzidi. Shafti hiyo ndogo yaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Katika kazi hiyo hatuoni la kulaumu. Kukiokota kilichotupwa na kukitia kazini ni akili njema.

Basi mtengenezaji ameweka kipimo cha kuishindilia hewa, na mpenzi wa magari hataki kipimo kile. Hubadili kanuni zilizoandikwa katika kompyuta ya injini, au hufunga turbo iliyo kubwa zaidi. Kazi ya kubadili kanuni yaweza kwisha katika muda mfupi sana, na gari likaondoka gereji likiwa na nguvu za farasi 40 au 50 zaidi ya zile lililoingia nazo. Mwenyewe hufurahi, akidhani ya kuwa amepata kitu kwa bei ndogo.

Hapo ndipo deni lianzapo. Hewa inaposhindiliwa hupata moto, hata kupita digrii 100; na hewa yenye moto huweza kuifanya petroli iwake kabla ya saa yake. Mlipuko wa namna hiyo huipiga pistoni kama nyundo, na ukiendelea, pistoni hupasuka au kutoboka. Kwa hiyo hutakiwa kipoza hewa kilicho kikubwa, na petroli ya oktani ya juu, na oili safi isiyochelewa kubadilishwa. Klachi iliyofanywa kwa nguvu ya zamani huteleza chini ya nguvu mpya. Tairi, springi na shokomzoba nazo zadai haki yao.

Mwisho, na kupita yote, zadai breki. Gari likitoka mwendo wa kilometa 100 kwa saa na kufika 140, mwendo umeongezeka chini ya nusu, bali nguvu ambayo breki hazina budi kuizima imekuwa karibu mara mbili, maana nguvu hiyo huenda kwa mraba wa mwendo. Tena dereva mwenyewe hakuongezewa kitu. Akihitaji sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, katika mwendo wa 100 gari limekwisha kupita meta 28 kabla breki hazijashika. Katika mwendo wa 160, meta 44. Wazee wetu hawakuijua hesabu hii, lakini walijua maana yake waliposema, Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Basi hii ndiyo kanuni tunayotaka ikumbukwe: Nguvu iliyoongezwa mahali pamoja ni deni lililowekwa juu ya mahali pengine pote. Fundi mwema alijua hilo, ndiyo maana huanza na breki na tairi, na kuongeza nguvu humweka mwisho. Fundi mbaya huongeza nguvu, na deni humwachia mwenye gari. Na mwenye gari asiyefikiri humwachia mtu mwingine asiyejua hata kwamba liko deni.

Sasa na tuwarudie wale wa kwanza, wasemao kwamba ni upotevu. Twakubali kwamba mtu aweza kupotea katika mchezo huu. Yuko aliyenunua turbo, na ada ya shule ya mtoto haijalipwa. Huyo haina haja kumtafutia hukumu. Lakini kitu hakiwi kibaya kwa kuwa si cha lazima. Mlango wa nyumba hufungika vema pasipo nakshi, walakini hatumlaumu aliyeuchonga. Mpiga tarumbeta hufanya mazoezi jioni nyingi, wala hatumwulizi faida yake kwa shilingi. Mkono wa mwanadamu wapenda kazi ifanywayo vizuri kupita haja yake, nasi hatuoni ya kuwa upendo huo ni dhambi.

Tena kazi hii yafundisha jambo moja ambalo shule nyingi hushindwa kulifundisha: kusema kweli. Injini haidanganyiki. Mtu aweza kuwadanganya rafiki zake kwa maneno, lakini gari likiwekwa juu ya mashine ya kupimia nguvu, hesabu hutoka kama ilivyo. Fundi aliyekaza parafujo kwa kubahatisha ataonekana. Kijana aliyekaa miezi mingi akipima, akiandika, akikosa na kurudia, amejifunza saburi na unyofu, hata kama gari lake haliendi popote pa maana. Kwa hiyo wale wa kwanza hatuwezi kuwafuata.

Wala hatuwezi kuwafuata wale wa pili, wasemao, “Gari ni lake.” Ndiyo, gari ni lake, bali barabara si yake. Katika mwaka 1973 kiwanda cha BMW kilionyesha huko Frankfurt gari lake la 2002 Turbo, lenye injini ya lita mbili na nguvu za farasi 170. Mbele, chini ya bampa, neno “turbo” liliandikwa kinyume, kusudi dereva aliyetangulia alisome sawasawa katika kioo chake, apate kuondoka njiani. Watu wengi walichukizwa. Na tazameni mwaka wenyewe: miezi ile ile mafuta yalikuwa haba katika Ulaya, na tangu tarehe 25 Novemba 1973 Wajerumani walikatazwa kuendesha magari siku nne za Jumapili. Injini ile ilikuwa kazi bora ya ufundi. Lililochukiza lilikuwa neno lile kiooni, maana lilimwambia jirani, “Mimi nina nguvu, wewe nipishe.” Hapo furaha ya kutengeneza ilikuwa imegeuka kuwa furaha ya kutisha, na hizo ni furaha mbili mbalimbali, ijapokuwa hukaa katika gari moja.

Furaha hiyo ya pili yaweza kufika wapi, mji wa Berlin uliona. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 2016, vijana wawili wenye magari ya turbo walishindana mbio katika barabara kubwa ya Kurfürstendamm, wakipita taa nyekundu moja baada ya nyingine. Mzee mwenye umri wa miaka 69 aliingia njia panda kwa taa ya kijani, kama ilivyo haki yake. Gari moja, likienda kwa mwendo wa kilometa 160 kwa saa au zaidi, likampiga, akafa. Mwaka 2017 mahakama ya Berlin iliwahukumu wote wawili kifungo cha maisha kwa kosa la kuua kwa kusudi. Hukumu ile ilitanguliwa na mahakama ya juu mwaka 2018, kesi ikasikilizwa tena, na mwaka 2020 hukumu ya kuua kwa kusudi ilithibitishwa juu ya yule aliyempiga mzee. Mwenziwe mwaka 2021 alipewa kifungo cha miaka 13 kwa kujaribu kuua. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Na nyasi safari hii ilikuwa mzee aliyekuwa akienda zake.

Watu husema, Ajali haina kinga. Twaomba methali hiyo isitumiwe hapa. Atoaye nguvu kubwa katikati ya watu, naye ajua kwamba sekunde moja kwake ni meta 44, hakupatwa na ajali. Alikopa, akamlipisha mwingine. Kwa sababu hiyo Wajerumani waliweka sheria mpya mwaka huo wa 2017: kushindana mbio barabarani ni kosa la jinai hata kama hakuna aliyeumia, na mtu akifa, kifungo chaweza kufika miaka 10. Hata aendeshaye peke yake, kwa ujeuri, ili kupata mwendo mkubwa awezao kuupata, yumo katika sheria hiyo.

Lakini tusidhani kwamba sheria zao zawakataza watu kutengeneza. La. Zasema hivi: gari lililobadilishwa hupoteza ruhusa yake ya kwenda barabarani ikiwa limegeuzwa kuwa gari la namna nyingine, au ikiwa mageuzi yale yaweza kuwahatarisha watu, au ikiwa moshi au kelele yake imezidi kuwa mbaya. Basi mwenye gari hulipeleka kwa mkaguzi, naye hulitazama, na yakifaa, mageuzi huthibitishwa kwa hati. Twaona hekima katika jambo hilo. Mkaguzi ndiye anayeliuliza deni kwa niaba ya wale ambao hawakuulizwa: mtoto avukaye njia, mgonjwa aliyelala karibu na dirisha, na kila mtu avutaye hewa ya mtaa.

Kwa hiyo twamhukumu vikali zaidi, kuliko mwenda mbio mjinga, yule anayeficha. Siku ya ukaguzi hurudisha vyombo vya zamani, na kesho yake hufunga tena vile vilivyokatazwa. Au huikatia gari bima kama ni gari la kawaida, hali ajua kwamba silo. Mtu huyu aliipenda kazi inayofundisha kweli, kisha akaitumia kusema uongo. Injini yake hakuweza kuidanganya, akawadanganya wanadamu.

Tena aliye na kiu ya mwendo hakosi mahali pake. Katika Ujerumani kiko kiwanja cha mbio cha Nürburgring, kilichofunguliwa mwaka 1927. Njia yake ya kaskazini ina urefu wa kilometa 20.8 hivi, na siku nyingi mtu wa kawaida hulipa ada yake akaingia. Huko wote huenda upande mmoja, na kila aliyeingia ajua alichokifuata. Hata huko sheria za barabarani hazikuondolewa.

Nasi wa Afrika Mashariki tunao mfano wetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na miaka 1984, 1985 na 1986 ilishindwa na Toyota Celica yenye turbo. Siku zile mbio zilipita katika barabara zilizo wazi kwa watu na mifugo, hata timu kubwa zikawa na helikopta za kutangulia juu, kumwonya dereva juu ya ng'ombe au lori lililo mbele. Tangu mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, sehemu za mbio hufungwa kwa wengine. Fikirini basi: dereva aliyekuwa bora duniani hakuthubutu kwenda mbio kati ya watu pasipo jicho la kumtangulia. Kijana aliye peke yake usiku, katika barabara ya mjini, atatanguliwa na nani?

Haya ndiyo majibu yetu. Aongezaye nguvu hafanyi ovu kwa kuongeza, wala hafanyi jema kwa kuwa gari ni lake. Afanya jema akilipa deni lote yeye mwenyewe: kwa fedha zilizo zake kweli, kwa breki zilizotangulia nguvu, kwa hati inayosema kweli, na kwa kuitoa nguvu ile mahali ambapo waliopo wamekubali kuwapo. Likibaki sehemu yake, yuko mtu mwingine atakayelilipa, naye mara nyingi ni yule apitaye kwa miguu.

Wala kanuni hii si ya magari tu. Aliyepewa cheo, au elimu, au mali, naye ameongezewa nguvu mahali pamoja. Na ajitazame breki zake kabla ya kuondoka.