Kusitiriana si Kufichana



Je, ni vibaya kuficha mgogoro wa nyumba yenu? Wengi hujibu kwamba ya chumbani hayatolewi uwanjani. Ni kweli. Lakini kusitiriana ni kitu kimoja, na kufichana ni kingine.

Tutazame matajiri wa Kenya ya wakoloni. Mwaka 1940 Sir Jock Delves Broughton, mtu wa cheo na mali, alimwoa Diana Caldwell, wakaja kuishi karibu na Nairobi. Haukupita muda, Diana akapendana na Lord Erroll. Mume alijua. Hata hivyo, usiku wa tarehe 23 Januari 1941 walikula pamoja katika Klabu ya Muthaiga, na Broughton akainua glasi kuwatakia heri wapendanao hao. Alfajiri yake Erroll alikutwa garini, amepigwa risasi. Broughton alishtakiwa, mahakama ikamwachilia, muuaji hakupatikana. Desemba 1942 Broughton alijiua huko Liverpool, Uingereza.

Hatumhukumu aliyeachiliwa na mahakama. Tunajifunza tu kwamba utulivu wa meza ile haukuwa amani.

Hapa Mkwiro, chombo kikielea huonekana kizima. Kikipandishwa pwani ndipo huonekana kama wadudu wametoboa mbao. Mwenyewe haendi kutangaza hadi Shimoni, lakini fundi hamfichi, kwa maana maji hayajali rangi.

Ndoa nayo ni hivyo. Kumsitiri mwenzako mbele ya majirani ni upendo. Kumficha yeye yaliyo moyoni mwako ni kumwacha mpweke ndani ya sakramenti ya watu wawili. Na nyumba yenye mali hujaribiwa zaidi, kwani fedha hununua nafasi ya kukwepana: vyumba viwili, magari mawili, safari mbalimbali.

Utasema, "Nikifungua kinywa, nyumba itavunjika." Ndugu, ufa haukuletwa na aliyeuonyesha. Semeni mapema, kwa upole, watoto wakiwa wamelala. Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alituhimiza maneno matatu: naomba, asante, samahani. Mkishindwa, mwendeeni padre au wanandoa wazima wanaotunza siri. Na palipo na kipigo, kunyamaza si stara. Aliyeumizwa atafute usalama na msaada bila kuona haya.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.