Kamwambie Baba Hayupo

Wanangu mlioanza kuitwa "baba fulani" juzi juzi, leo nataka kuwasema kidogo. Mkinuna, nuneni, lakini mnisikilize.

Kuna mchezo nauona kila mtaa. Mtu anabisha hodi, amekuja kudai chake. Baba mwenye nyumba yumo ndani, miguu juu ya kochi, anamnong'oneza mtoto: "Kamwambie baba hayupo." Mtoto anatoka, na kwa kuwa bado hajakomaa katika kazi hiyo, anasema: "Baba amesema hayupo." Watu hucheka. Mimi sicheki tena, maana jioni ile ile baba huyo atamchapa mtoto kwa kudanganya juu ya sukari iliyopungua koponi.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka la mchele Ngamiani, Tanga. Enzi hizo, kabla kilo haijaenea, rejareja ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba 4 pishi moja. Wauzaji wengine walitoa kibaba cha mfuto: wanajaza, wanapitisha kijiti juu, punje zilizozidi zinarudi guniani. Baba alitoa cha tele, kimevimba hadi mchele unaporomoka pembeni. Akija mtoto aliyetumwa, au bibi kizee asiyeona vizuri, hapo ndipo alipozidi kuuchunga mkono wake. Hakutuita tutazame, wala hakutupa somo. Tulikuwa chini ya meza ya duka tunacheza gololi, na tulikuwa tunaona. Chuoni tulipokuja kuisoma Al-Mutaffifin, sura inayowaonya wanaopunja vipimo, hatukuhitaji maelezo mengi ya maalim.

Sheikh Shaaban Robert, mwenzetu wa Tanga, alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Baba yangu hakuandika hata ubeti mmoja. Baba wengi hatuandiki. Watoto wetu wanasoma mikono yetu, na wanaisoma hata siku tusizotaka.

Msije mkadhani mzee alikuwa malaika. Bakora ilikuwa karibu, kumpakata mtoto hakukujua, na mama akiugua alisubiri shangazi aje apike, yeye amekaa barazani. Hayo msiyarithi. Kijana anayeniambia "mimi nililelewa kwa bakora na nimekuwa mtu" ananichosha. Mimi pia nilichapwa, na sikumbuki hata kosa moja nililochapiwa. Kile kibaba nakikumbuka.

Sasa nyinyi mna simu. Baba yuko Dar, mwingine yuko Muscat, hela inaingia, ada inalipwa, na yeye kwa hesabu zake ameshalea. Hela lazima itumwe, nani abishe? Mtoto hashibi nasaha. Lakini mtoto huyo huyo anakusikia ukimwambia mtu kwenye simu "niko njiani, nakaribia kufika" na hata viatu hujavaa. Anakusikia ukimwahidi bibi yake mambo ambayo nyote wawili mnajua hayatakuwa. Aliye mbali naye asijipe udhuru: akisema atapiga Ijumaa, apige Ijumaa, japo hana cha kutuma.

Sheria nayo imetutambua, ingawa kwa kubana. Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 3 za likizo yenye malipo mkewe anapojifungua. Kenya, kwa sheria ya 2007, ni wiki 2. Siku 3 ni chache, nakubali. Ila nimewaona vijana wakizimalizia kijiweni wakipokea hongera, huku mama mzazi anahangaika na ndoo za maji. Huyo hata akipewa mwezi atahamia kijiweni na mkeka.

Nawaomba jambo moja, na halina gharama zaidi ya deni ambalo tayari mnalo. Mwenye duka anayewadai unga na mafuta, msimsubiri abishe hodi. Mwisho wa mwezi huu mkienda kumlipa, nendeni na watoto. Kama pesa haikutimia, nendeni nao vile vile, mkamwambie mbele yao ni lini mtamaliza.