Mpambaji Arudipo Kazini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, huku Tanzania Bara, humpa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo. Azaapo pacha, siku 100. Lakini mama ajiajiriye, asukaye nywele na kupamba maharusi, nani ampe likizo? Yeye ndiye tajiri, naye ndiye kibarua. Akifunga mlango, mapato hukoma. Kodi ya chumba haikomi. Husemwa kwamba yu huru. Twauliza: ikiwa njaa ndiyo imwitayo kazini kabla ya nguvu kumrudia, uhuru huo ni wa nini? Basi yatupasa sisi wateja kumngojea, kumlipa papo hapo, wala tusiitumie shida yake kumpunguzia ujira. Hiyo ni haki yake. Sadaka yaja baadaye.