Kilele si sharti

Je, ni lazima mtu apande kilele ndipo atambue udogo wake mbele ya Muumba? Makangale, kaskazini mwa Pemba, inajibu hapana. Kisiwa kizima hakina mlima. Kilima chake kirefu zaidi hakifiki mita 150. Lakini jiwe la uwanda wa Kigomasha, huko huko Makangale, lenye ncha za kuchana soli ya kiatu, ni matumbawe yaliyokuwa hai chini ya bahari. Lichunguze kwa karibu uone magamba ya chaza yamegandamana ndani yake. Anayelikanyaga amesimama juu ya kilichokuwa chini, na unyenyekevu unaofuatwa kileleni anaupata tangu hatua ya kwanza.

Watauliza: mbona Musa aliitwa mlimani Sinai, na Mtume Muhammad akajitenga Hira? Kweli, ila Hira kilichotafutwa ni pango na faragha, si sifa ya kufika juu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kutukuza mawe na miti kunakaribia kuviabudu. Lakini ishara haishindani na Mwenye kuiweka. Kisiwani Misali, eneo la hifadhi tangu 1998, wavuvi wa Pemba walihimizwa kutunza bahari kwa hoja za Uislamu wenyewe. Kwa hiyo anayeuacha mti wa msitu wa Ngezi, huko Makangale, usimame amefanya tafakuri kamili kuliko apandaye Kilimanjaro ili apigwe picha tu.